Kaseti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshindwa tena. Kundi letu la Wapenzi wa Nyimbo za Kale lina watu thelathini na wanane, wote wa jengo hili. Unatuma wimbo mmoja, picha ya jambo la kawaida ulilolitazama vizuri, na maneno machache ya kitabu unachosoma. Jumapili Mwalimu Mstaafu, mlezi wa kundi, hutangaza Mtumaji wa Wiki. Fundi Saa wa ghorofa ya chini ameshinda mara nne mfululizo. Leo katuma picha ya kikombe kisicho na mkono. Kikombe! Mioyo ishirini na sita. Mimi nimetuma jua likichomoza nyuma ya matangi ya maji. Mioyo miwili, mmoja nimeuweka mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimeiga kikombe. Nimepiga picha kandambili za mke wangu, nikaweka simu mbele ya redio kaseti na kurekodi wimbo. Katikati ya wimbo mke wangu akauliza kwa sauti nani kaacha bomba wazi, na kama huyo mtu ana akili timamu. Imerekodiwa yote. Nilituma bila kuisikiliza. Mioyo kumi na minne! Mwalimu Mstaafu ameandika kwamba mwimbaji wa kike ana uchungu wa kweli. Mke wangu hajafurahi, hasa kuhusu kandambili.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimesoma kitabu cha hekima kazini, chini ya meza ya masjala. Ukurasa wa kwanza, mara tatu. Usingizi ukanishinda. Bosi akanikuta nimelalia faili alilokuwa akilitafuta tangu wiki jana. Basi nikatunga hekima yangu: "Mlango ni ukuta uliokubali ushauri." Nikasema ni ya mwanafalsafa wa kale. Fundi Saa akauliza, kwa heshima zote, ni ukurasa wa ngapi. Mtu huyu ananitafuta! Nimezima simu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa yake. Marehemu baba mkwe alipiga gitaa, na alirekodi wimbo mmoja tu, sebuleni kwake, kwa ajili ya binti yake. Mwanzoni anasikika akisema, "Haya mwanangu, sikiliza." Ndiyo sauti yake pekee iliyobaki. Mke wangu huisikiliza mara moja kwa mwaka, siku aliyofariki mzee, na mwaka huu ni Jumapili. Aliniambia tulipooana kwamba kaseti ile na mikono yangu visikutane. Lakini kuazima si kuiba. Kesho yeye yuko kwenye mazoezi ya kwaya.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu. Nilitaka hekima yangu itangulie wimbo, palepale kwenye kaseti, maana mwanzoni kuna ukimya kidogo. Redio ikakataa kurekodi. Mzee alikuwa amevunja kile kidude cha ukingoni mwa kaseti, ili mtu asirekodi juu yake. Nikaziba tundu kwa selotepu, maana mimi si mtu wa kushindwa na redio. Nikasoma. Nikanogewa. Nilipoirudisha nyuma kusikiliza, "Haya mwanangu" haipo, na gitaa limekatwa kichwa. Badala yake ni mimi, nikieleza habari za mlango. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu kazaliwa njiti. Nimeirudisha kabatini na nimeshindwa kula.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Fundi Saa. Aibu gani hii! Nikamuuliza kama sauti iliyofutwa hurudi. Akasema hairudi. Akanitazama, akafungua droo, akatoa kaseti. Kumbe mzee alimwachia nakala zamani, alipomtengenezea redio. Hakutaka chochote, ila nimweleze mke wangu ukweli kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikaapa. Nikapanda ngazi, nikabadilisha kaseti, nikanyamaza. Mtu akiwa na furaha, ukweli wa nini?

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu ameketi, kaweka kaseti. "Haya mwanangu, sikiliza." Akalia. Nami nililia, kweli kabisa. Wimbo ukaisha, nikapumua. Kisha ikatoka sauti ya Fundi Saa akiwa kijana: hii ni nakala ya fundi, ya asili anayo binti wa mzee. Siku za mwizi arobaini. Zangu hazikufika mbili. Mke wangu akaniuliza ya asili iko wapi. Ilikuwa mfukoni mwangu. Akaiweka. "Mlango ni ukuta..." Aliisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akasema angalau ningemwambia. Kosa angelisamehe leo hii, lakini kumbadilishia baba yake kimyakimya, hilo hapana. Nimehamia kochini.

Jioni alirekodi yale maneno ya mlango kwa simu yake, akayatuma kundini pamoja na picha yangu nikiwa kochini na selotepu mkononi. Chini akaandika: "Hiki ndicho ninachokisoma kila siku." Mioyo thelathini na saba. Mtumaji wa Wiki: mke wangu.

Jumatatu, 10 Machi

Kochi hili lina springi inayochoma ubavu. Nimetafakari sana. Mioyo thelathini na saba, na sauti ni yangu! Hekima yangu, selotepu yangu, hata picha ni mimi. Kwa haki, ushindi ni wangu, na nimemwandikia Mwalimu Mstaafu kumweleza hivyo. Isitoshe, nimekumbuka kwamba mama mkwe ana sanduku zima la kaseti chini ya kitanda. Jumamosi huwa hayupo nyumbani.