Ruhusa ya Msimamizi

Jumatano, 4 Juni 2025, Mandewa
Mwezi wa pili wa ndoa! Laurian wangu kanywa uji, kaenda kufundisha. Hata mgongo wake unapendeza. Doa ni moja tu: kompyuta yake. Inawaka polepole kuliko bibi harusi anavyoingia ukumbini. Na Jumapili wakwe wanatoka Shelui kuja kutazama video ya harusi. Nitaisafisha mwenyewe, kimya kimya. Atalia kwa furaha.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeingia mtandaoni. Mtaalamu wa kwanza anasema folda ya System32 ni takataka, futa, mashine itapaa. Wa pili anasema ukiigusa umeiua. Wa tatu anamwita wa pili mshamba. Elimu ya bure hiyo! Nimemchagua wa kwanza. Ana alama ya moyo kwenye jina lake. Mtu wa mapenzi hadanganyi.

Ijumaa, 6 Juni
Kizuizi! Laurian aliiweka kompyuta kwa Kiswahili ili nisihangaike (mume huyu, jamani!), nayo ikaandika: "Unahitaji ruhusa ya msimamizi." Nimeguswa. Hata mashine inaheshimu ndoa yetu. Nikampigia Mama Ritha, aliyetusimamia kanisani. Baada ya shikamoo nikamweleza kuwa nataka kuondoa vitu vya zamani vya Laurian, ila lazima yeye msimamizi aniruhusu. Akashusha sauti:

"Ondoa vyote, mwanangu. Anza na picha za wasichana."

Nikabonyeza Endelea. Kompyuta ikazimika taratibu. Imepumzika, maskini.

Jumamosi, 7 Juni
Haijaamka. Fundi wa mjini kapiga Windows upya, kila kitu kimefutika. Video ya harusi pia. Laurian hakugomba. Aliuliza tu nani alinipa ruhusa. Nikasema msimamizi. Akakaa chini. Anavyokaa chini, mtu wangu!

Jumapili, 8 Juni
Wakwe wamefika na kuku. Mama Ritha kaja na video kwenye flashi yake, nakala pekee iliyobaki duniani. Laurian nusura amkumbatie. Tumeichomeka kwenye runinga. Kufika kwenye keki, ikaanza kukwama. Baba mkwe akasema labda ni macho yake. Si macho. Nimechungulia mtandaoni: flashi nazo zina folda ya takataka. Mmoja anasema futa, mwingine anasema usithubutu. Wa kwanza ana mioyo miwili.

Laurian yuko uani na kuku. Flashi ninayo. Na safari hii sihitaji hata kupiga simu, msimamizi amekaa pembeni yangu anakunywa chai. Nimemuomba ruhusa niondoe takataka.

"Ondoa tu, mwanangu."