Kibali cha Kupanda

Kwa furaha isiyo kifani, na kwa idhini ya ngazi zote husika, naufahamisha umma kwamba Msafara wa Kuvuka Mapito Matatu ya Milima ya Juu umekamilika kwa asilimia tisini na sita. Asilimia nne zilizobaki ni kwenda kwenyewe.

Ninayeandika ni Katibu wa Kamati ya Maandalizi. Nimetumikia Idara ya Ukaguzi wa Vituo vya Mbali kwa miaka kumi na tisa, na kituo cha mbali kuliko vyote nilivyowahi kukagua kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha langu. Nilikikagua kwa kusogeza pazia. Nasema haya mapema ili msomaji ajue yumo mikononi mwa mtaalamu.

Chanzo cha msafara ni barua. Nyuma ya mapito hayo matatu, la mwisho likiwa mita elfu nne na mia sita kwenda juu, kuna zahanati ya vyumba viwili. Muuguzi wake ni dada yangu mkubwa, tumbo moja. Leseni ya zahanati ilikuwa inakwisha tarehe thelathini, na kituo kisipokaguliwa kabla ya siku hiyo, chanjo zinasitishwa na mlango unapigwa kufuli. Dada si mtu wa kuumauma maneno. Aliandika hivi:

"Mdogo wangu, nina wajawazito watatu, mmoja ana mapacha. Wakitufungia, itabidi wanawake hawa wavuke milima na matumbo yao. Wewe ndiye mkaguzi. Njoo uone, utie sahihi, unywe chai, uondoke. Ni siku tano tu kwa miguu."

Hilo neno "tu" nilirudia kulisoma. Kisha nikafanya kile ambacho ndugu yeyote mwenye uchungu na damu yake angekifanya. Niliunda kamati.

Tulikuwa sita. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, ambaye wakati huo jina lake lilikuwa mezani kwa wakubwa akingojea cheo kipya, na tayari alikuwa anauzoeza mkono wake sahihi mpya, ndefu kuliko ya zamani. Alikuwepo afisa usafirishaji, tunayemwita Bwana Gari. Alikuwepo Mama Masjala, aliyeanza kutunza majalada jengo letu likiwa halijafungwa lifti. Wawili waliobaki kazi yao ilikuwa kutimiza akidi, na waliitimiza vizuri sana. Wa sita ni mimi.

Katika kikao cha kwanza Bwana Gari aliuliza gari linafika wapi.

"Linaishia kijiji kilicho chini ya mlima," nikamjibu.

"Basi na safari inaishia hapo," akasema. "Kutoka hapo kwenda mbele si safari, ni mambo binafsi ya mtu na miguu yake."

Kikao cha pili kilijadili Itifaki ya Mwinuko. Ilibainika kuwa watu wakipanda mlima kwa mstari, mmoja wao atakuwa juu ya mwenzake, na kanuni za utumishi haziruhusu mtu yeyote kuwa juu ya Mkurugenzi. Tukakubaliana kwamba wakati wa kupanda Mkurugenzi atatangulia, na wakati wa kushuka atakuwa wa mwisho, ili aendelee kuwa juu muda wote.

"Na kwenye tambarare?" nikauliza.

"Kwenye tambarare nitasimama juu ya jiwe," Mkurugenzi akasema, na wajumbe wakapiga makofi.

Tatizo likawa mtu wa punda aliyepaswa kutuonyesha njia. Ni mwenyeji wa kule kijijini, amevuka mapito yale zaidi ya mara mia mbili, na bila yeye tungepotelea kwenye theluji siku ya kwanza. Lakini cheo chake kwa lugha ya kawaida ni kiongozi wa njia, na Mkurugenzi alikumbusha kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Mjadala ulichukua asubuhi nzima. Mwishowe tukamwita Mfuasi wa Mbele. Nilipompigia simu kumpongeza kwa uteuzi wake, aliuliza, "Sasa mimi ndiyo namfuata nani?" Rasimu ya jibu iko hatua za mwisho.

Kikao cha tatu kiliagiza nitafute kibali. Nikashuka masjala. Mama Masjala alifungua kabati la pili, akatoa fomu yenye kichwa kilichoandikwa kwa herufi kubwa: KIBALI CHA KUPANDA. Niliisoma, nikaona inatoka Sehemu ya Mazao.

"Mama, hii si ni ya kupanda mbegu?"

"Hapo juu pameandikwaje?"

"Kupanda."

"Na ninyi mnakwenda kufanya nini huko mlimani?"

"Kupanda."

"Basi usinichoshe, Katibu. Jaza."

Nikajaza. Penye aina ya mbegu niliandika watumishi. Penye idadi, sita. Umbali kati ya mche na mche, hatua mbili. Penye hali ya mbegu nilijiangalia tumboni, nikaandika kwa uaminifu: "Baadhi zimekaa ghalani muda mrefu." Mbolea niliweka biskuti. Kibali kilirudi baada ya siku mbili, jambo ambalo halijapata kutokea katika historia ya idara, kikiwa na masharti mawili tu: tumwagiliwe asubuhi na jioni, na tusipandwe kabla ya mvua.

Sisi ni watu wa sheria. Kila asubuhi na kila jioni wajumbe walikunywa maji glasi nne mbele ya shahidi, na kazi nyingine za idara zilifanyika katikati ya safari za msalani. Kisha tukangojea mvua. Siku ya kwanza, jua. Siku ya tatu, jua. Tarehe ishirini ikapita. Dada akatuma ujumbe kupitia simu ya mtu wa punda: "Mko wapi?" Nikamjibu kwa lugha ya kiofisi kwamba mchakato unaendelea vizuri. Usinicheke, msomaji. Niliamini.

Ili muda usipotee, tulianza mazoezi ya kuzoea mwinuko. Vitabu vya wapanda milima vinasema mtu apande juu lakini alale chini. Jengo letu lina ghorofa nne. Kwa hiyo tulikuwa tunapanda hadi ghorofa ya tatu kwa ngazi, tunakaa huko mpaka chakula cha mchana, halafu tunashuka chini kulala. Tulilala kwenye viti vya mapokezi, na wananchi waliokuja kufuatilia mambo yao waliombwa wasimame na wasipige kelele. Kambi kuu tuliiweka kwenye korido ya ghorofa ya pili, tukatandaza turubai. Mimi nilikuwa naishiwa pumzi kwenye ngazi ya thelathini na moja. Naijua kwa sababu ina ufa, na ufa ule nimeutazama kwa karibu sana. Mkurugenzi yeye alikuwa anapanda kwa lifti, kwa kuwa itifaki ilimtaka atangulie.

Tarehe ishirini na tisa, saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa pale kwenye ufa nikitafuta pumzi, Mama Masjala alikuja na uso ambao sikuuelewa.

"Katibu, kuna mama chini anakuulizia. Soli za viatu vyake zimefungwa kwa kamba."

Sikuhitaji kushuka. Alikuwa ameshaanza kupanda. Nilimwona kwanza kichwani, mvi zimeongezeka, halafu begi la mgongoni, halafu ile miguu. Ngazi thelathini na moja alizipanda huku akiongea.

"Shikamoo dada," nikasema, kwa pumzi iliyokuwepo.

"Marahaba. Kwani unaumwa?"

"Hapana. Nipo mazoezini."

Akaniangalia, akaangalia turubai, akawaangalia wajumbe wawili wa akidi waliokuwa wanakunywa maji. Hakucheka. Laiti angecheka. Mtu huyu alinibeba mgongoni nilipokuwa na surua, na sasa alikuwa amevuka mapito matatu peke yake kuja kumtafuta mtu ambaye kazi yake ni kumfuata. Niliona aibu, nayo haikuwa aibu ya kiofisi, ilikuwa ile yenyewe, inayoshika masikio.

"Wajawazito nimemwachia mkunga wa jadi," akasema. "Mwenye mapacha hana wiki mbili kabla ya kujifungua. Nimekuja na daftari na leseni. Nani anatia sahihi?"

Mkurugenzi alitoka kwenye lifti wakati huohuo. Alimsikiliza kwa upole wote wa mtu aliyeshiba.

"Mama, tunakupongeza kwa moyo wako," akasema. "Lakini ukaguzi hufanyika kituoni, na kwa msafara. Msafara huu uko kwenye taarifa yangu kwa wakubwa. Nikikusainia hapa kwenye korido, msafara utakuwa wa nini?"

"Leseni inakwisha kesho, baba."

"Na sisi tumebakiza kidogo mno. Kitu pekee kinachotukwamisha ni vyeti vya afya. Kila mpandaji lazima apimwe na mtaalamu mwenye leseni, na wataalamu wa mjini wanatupa miadi ya mwezi ujao."

Mama Masjala akakohoa. "Huyu si mtaalamu? Na leseni yake si inaisha kesho? Leo ni halali."

Nilimwona Mkurugenzi anachangamka.  Dada alivua begi, akatoa kipimo cha presha, akatoa daftari lake kubwa lenye jalada la bluu, akakaa kwenye turubai.

"Bwana mkubwa, shuka mpaka chini, halafu uje hapa kwa miguu," akamwambia. "Siyo kwa hiyo lifti."

Tulimngojea kwa muda. Alipotokea, tai ilikuwa begani na rangi yake imekuwa ya kijivu. Dada akamfunga kipimo mkononi, akasikiliza, akaandika mapigo ya moyo mia moja hamsini na mbili, akaandika presha, ambayo sitaitaja kwa heshima ya ofisi, na chini yake akaandika maneno mawili: "Hafai kupanda."

Nilitegemea tufani. Badala yake nikaona tabasamu. Kumbe Mkurugenzi naye alikuwa anaiogopa milima kama mimi, na sasa alikuwa na karatasi inayomzuia kwa maandishi.

"Sayansi imesema," akatamka. "Mimi ni nani hata nibishane na sayansi? Nipimieni na wengine."

Tukapimwa wote sita. Hafai kupanda, hafai kupanda, mpaka kwa Mama Masjala, ambaye aliandikiwa "Anafaa, ila hataki." Dada akageuza daftari. "Kila aliyehudumiwa anatia sahihi mbele ya jina lake. Ndiyo kawaida yetu." Mkurugenzi akasaini, ile sahihi mpya, ndefu, ikavuka mstari. Halafu akaagiza taarifa ya vipimo ipelekwe kila mahali, ili pasitokee mtu wa kusema alikwepa. Nakala kwa Utumishi, nakala kwa wakubwa, nakala kwenye jalada lake binafsi.

Hapo Mama Masjala akaweka waraka mbele yake, umekunjamana, umejaa vumbi.

"Waraka Namba Saba, Mkurugenzi. Uliuandika mwenyewe. 'Afisa yeyote ambaye sahihi yake imo katika daftari la kituo atahesabika kuwa amefika kituoni na kukikagua.' Ulikuwa umechoka kusafiri."

Mkurugenzi aliusoma. Akaugeuza, kana kwamba nyuma kungekuwa na msaada. Sahihi chini ya waraka ilikuwa yake, na sahihi kwenye daftari la zahanati ilikuwa yake, wino haujakauka. Mhuri nilipiga mimi. Ndiyo kazi pekee niliyoifanya katika msafara huu, na kwa furaha nikaipiga leseni mihuri miwili.

Nilimsindikiza dada mpaka kituo cha basi, nikambebea begi. Lilikuwa zito. Nilitaka kumwomba radhi, nikaanza na "Kuhusu ule mchakato," akanikata.

"Wewe kula vizuri, mdogo wangu, na hizo ngazi uendelee nazo," akasema, akapanda basi.

Msomaji atadhani mambo yaliishia hapo. Wiki tatu baadaye barua ya Utumishi ilifika. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kikao kilichokaa kujadili cheo cha Mkurugenzi kimepokea taarifa ya kitaalamu, iliyothibitishwa kwa sahihi yake mwenyewe, kuwa mhusika hafai kupanda, na kwamba kikao kinamshukuru kwa uwazi wake usio wa kawaida. Hatapanda. Barua za namna hiyo zilikuwa tano, moja ikiwa yangu. Nilikuwa nangojea kupandishwa daraja kwa miaka sita.

Mkurugenzi alikata rufaa, nasi wanne tukamfuata. Alieleza kwa kurasa kumi na moja tofauti kati ya cheo na mlima. Utumishi wakajibu kwamba wao hushughulika na maneno kama yalivyoandikwa, na kwamba rufaa dhidi ya kipimo husikilizwa kwa kupimwa upya na mtaalamu yuleyule, kituoni kwake, kwenye daftari lake. Waraka Namba Saba wameufuta. Mtu lazima afike na miguu yake.

Tunaondoka Jumatatu, watu watano waliokata rufaa. Mfuasi wa Mbele ametuambia atatembea mbele na asiyetaka abaki. Bwana Gari amenunua viatu. Ya Mungu mengi.

Niliomba miadi kupitia simu ya mtu wa punda, nikitaja vyeo vyetu vyote kwa ukamilifu. Majibu ya dada yalifika jana. Mapacha ni wasichana, wazima, na mama yao mzima. Chanjo zimefika. Kuhusu ujumbe wetu, ameandika: "Jumatatu ni siku ya wajawazito, Jumatano ya watoto, Ijumaa ya wazee. Wakurugenzi hawana siku. Wakae kwenye benchi nje, nikipata nafasi nitawaita."