Ombi la Muhuri wa Msemaji wa Watu Wote wa Rangi Yangu

Kwa Mlezi wa Wanafunzi,
Ghorofa ya pili, mkabala na chumba cha fotokopi.

Mheshimiwa Mlezi,

Pokea heshima zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, yule wa rangi tofauti. Bila shaka umenikumbuka, maana tuko wawili tu chuo kizima na mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Naandika kwa unyenyekevu kuomba cheo ninachokitumikia tangu nifike hapa kitambuliwe rasmi, yaani msemaji wa watu wote wa rangi yangu, walio hai na waliotangulia. Sababu zangu ni hizi:

1. Kila Alhamisi tuna mjadala wa siasa. Ukitajwa uchaguzi, mipaka au polisi, shingo arobaini na mbili hunigeukia, na mhadhiri, mtu mwema kabisa, huuliza, "Na nyinyi mnaonaje?" Sisi tunakaribia milioni tatu, Mheshimiwa. Sijawahi kupewa hata nusu saa ya kwenda kuwauliza.

2. Muhula uliopita niliulizwa msimamo wetu juu ya ushuru wa sukari. Kwa kubanwa, nikatoa maoni ya shangazi yangu, fundi cherehani, ambaye chai yake haiendi bila vijiko vinne. Wenzangu wakayaandika. Kwenye mtihani likaja swali: eleza msimamo wa jamii hiyo kuhusu ushuru wa sukari. Nilipata nne juu ya kumi, na pembeni mhadhiri akaandika kwa wino mwekundu kwamba sijaielewa jamii husika. Shangazi anataka kukata rufaa.

3. Mlinzi wa maktaba ananiita Balozi. Kila asubuhi hunisalimia, huniuliza hali ya mama, kisha hunidai kitambulisho na kufungua mkoba wangu. Walio nyuma yangu hupita wakipiga miayo. Sina kinyongo naye, ila nijuavyo mimi mabalozi hawapekuliwi.

4. Mtu wa rangi yangu akiiba katika mji wa mbali, mimi hudaiwa maelezo bwenini kabla sijapiga mswaki. Mwingine akishinda mbio, mimi ndiye hupongezwa, nami ngazi za ofisi yako tu hunitoa jasho.

5. Cheo hiki kina madhara kiafya. Alhamisi chakula hakishuki. Wiki ya tatu sasa silali vizuri. Mizaha ya bwenini naicheka kabla haijaisha ili ipite upesi. Nimechoka, Mheshimiwa. Mara mbili nimefunga sanduku nirudi nyumbani, nikalifungua, kwa sababu sikutaka isemwe kwamba sisi huwa hatumalizi masomo.

Kwa hiyo naomba muhuri wa mviringo, meza yenye droo, saa maalumu za kuonwa (Jumatatu maswali ya siasa, Jumanne maswali ya nywele) na naibu mmoja. Naibu awe wa rangi yenu, ili naye siku za Alhamisi aulizwe watu wake wote wanaonaje. Akikwama, angalau tutakuwa wawili.

Nisalimie katibu muhtasi wako, wapishi wote wa bwaloni, na mhadhiri, ambaye nampenda kwa dhati.

Wako mtiifu, kwa niaba ya milioni tatu,
Balozi

N.B. Nilipoileta barua hii, nilikosea mlango nikaingia kwa mshauri nasaha. Mama yule akanikaribisha kiti, akaniuliza hali. Nikamweleza kwamba watu wetu kwa jumla wanaendelea vizuri, isipokuwa baadhi. Akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, hao sijawauliza. Wewe je?"

Nililia mpaka chai aliyonimiminia ikapoa. Ombi la muhuri, meza na naibu nalifuta. Ninachohitaji ni sahihi yako tu, niruhusiwe kurudi kwake Alhamisi, saa ileile ya mjadala. Tafadhali ruhusa hiyo iandikwe ya mtu mmoja.