Kura ya Jino la Shamila

Kijiwe cha kahawa cha Mwanahawa, pale Kikuyu, Dodoma, hakikosi hoja. Asubuhi hiyo hoja ililetwa na Bando, kijana aliyepewa jina hilo kwa sababu anaweza kukosa nauli lakini si intaneti.

"Sikieni hii," alisema, macho kwenye simu. "Wataalamu wanasema mtoto akiumia jino, kwanza lipangiwe kundi. Kuna lililotikisika, lililokatika, lililozama kwenye fizi, na lililong'oka lote."

"Hata meno yana madaraja?" akauliza Kanuni. Huyu alikuwa tarishi wa ofisi moja ya serikali, na tangu astaafu anaendesha kijiwe kama kikao cha bunge. "Mimi nimezeeka kazini sijapanda daraja. Jino linaanguka tu, limepandishwa."

"Tulia, mzee. La utoto liking'oka lisirudishwe, litaumiza linaloota chini yake. La ukubwani lisishikwe mzizi, litiwe kwenye maziwa, mtoto awahishwe hospitali ndani ya saa moja, lirudishwe mahali pake."

"Jino linarudi? Wanaorudi ni waliohama chama."

"Na maziwa ya nini," akadakia Mwanahawa, akimimina kahawa, "linanyonya?"

Watu wakacheka. Mzee Hassani, mwisho wa benchi, akatabasamu. Tangu amzike binti yake Lulu mwaka jana, alikuwa anakuja, anakunywa, anashukuru, anaondoka. Wenzake hawakumuuliza, naye aliwashukuru kwa hilo.

Ndipo mjukuu wake Shamila, mtoto wa miaka minane, akatokea mbio na kishada cha zabibu za Makutupora.

"Babu, shikamoo, bibi anasema..."

Akajikwaa. Mdomo ukapiga ukingo wa benchi. Alipoinuliwa alikuwa anavuja damu, na jino lake la mbele la juu lilikuwa chini, kwenye vumbi.

Hassani akampakata, akamkandamizia kitambaa mdomoni. Jino lile lilikuwa ukuta mmoja wa mwanya, na mwanya ule mtoto alirithi kwa mama yake. Hassani hakuwa na picha ya Lulu akicheka. Alikuwa na Shamila.

Kanuni alikuwa ameshaliokota jino. "Tusikurupuke. Hatuwezi kwenda hospitali na kitu tusichokijua. Kwanza tulipangie kundi."

"Limeng'oka lote, hilo halina ubishi," alisema Bando. "Swali ni la utoto au la ukubwani."

"Huyu ni mtoto," Kanuni akajibu. "Mtoto ana meno ya utoto."

"Mbona kubwa?" akauliza Mwanahawa.

"Mumeo naye mkubwa, na utoto anao."

"Mume wangu usimtie kwenye mdomo wa mtoto."

"Utaratibu, mama. Wanaosema la utoto waseme ndiyo."

"Ndiyo," likaitika benchi zima, ila Hassani aliyekuwa anamzuia mtoto damu; wakaitika na bodaboda watatu waliokuwa wamesimama tu kutazama.

"Wanaosema siyo?"

"Siyo," akasema Mwanahawa peke yake.

"Waliosema ndiyo wameshinda." Na kabla Hassani hajapata neno, Kanuni akalirusha jino juu ya bati la kibanda, kama yanavyorushwa meno ya utoto ya mtaa mzima ili mapya yaote.

"Kanuni," alisema Hassani, taratibu sana. "La utoto la hapo lilishatoka. Nililirusha mwenyewe, siku ya arobaini ya mama yake."

Benchi zima likatazama juu ya bati.

"Sasa, uamuzi wa kikao," Kanuni akaanza kwa sauti ndogo, "kuutengua inabidi..."

Hassani alimkabidhi mtoto kwa Mwanahawa, akapanda benchi, akapanda pipa la maji, akafika juu ya bati.

"Umeliona?" Bando akauliza.

"Yako mengi."

Kwenye mifereji ya bati, katikati ya majani makavu, yalikuwa yametawanyika meno ya watoto wa mtaa, madogo kama punje za mchele. Moja lilikuwa kubwa kuliko yote, lina mzizi mrefu, makali yake ya kung'atia yamechongeka kama msumeno, na bado lina damu. Kura haikuhitajika.

"Mzizi usiuguse, babu," Bando akapiga kelele. Mwanahawa alikuwa ameshamimina maziwa baridi kwenye kikombe.

Wakaondoka na zile bodaboda tatu. Hospitali wakapokewa na daktari kijana, Evarista.

"Jino limekaa nje muda gani?"

Kanuni akakohoa. "Kulikuwa na mjadala kidogo, daktari."

"Wa nini?"

"Wa kulitambua."

"Mkalitambuaje?"

"Tulipiga kura."

Daktari akamtazama. "Nani alishinda?"

"La utoto."

Daktari hakucheka. Alimchoma Shamila sindano ya ganzi, akasafisha, akalirudisha jino taratibu. "Maziwa yamesaidia, lakini siwezi kuahidi kwamba litashika. Ale vyakula laini, na mrudi baada ya wiki mbili." Akachukua waya mwembamba wa kulifunga na wenzake, kisha akasita. "Babu, hapa katikati palikuwa na nafasi, au niyasogeze yakaribiane?"

"Iache nafasi," alisema Hassani. "Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Lulu. Akicheka, unauona mwanya kwanza, ndipo unasikia sauti."

Mwaka mzima hawakuwahi kumsikia akilitaja jina hilo. Bando akaizima simu. Kanuni akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha pembeni.

"Endelea, Hassani," akasema. "Leo hakuna wa kukukatisha."