Maboksi Yametoka Uvunguni

Jumatatu, 3 Februari
Maboksi yametoka uvunguni! Nimemkuta Mama anayapangusa vumbi. Akaanza kunieleza. Nikamkatiza: asihangaike, nimeshazoea. Baba anajenga barabara. Lami ikiisha hapa, tunaifuata kule, kila mara siku ya Jumamosi. Hii ni shule yangu ya sita.

Bahati nzuri nina mbinu. Kabla ya kuhama, gombana na kila mtu. Ukiondoka umenuna, hulii njiani. Mara ya mwisho nililia, lakini lilikuwa vumbi.

Jumanne, 4 Februari
Nimeanza na kiranja. Nimemwambia mbele ya darasa zima kwamba akinyang'anywa filimbi habaki kitu. Watu hoi kwa kicheko! Mwalimu wa hesabu akaingia. Nikamweleza na yeye, kwa adabu zote, kwamba anaufundisha ubao, sisi ametusahau. Hakucheka. Akasema Jumatatu tutaongea vizuri. Maskini! Jumatatu mimi simo.

Jumatano, 5 Februari
Zamu ya Miwani. Hapa roho ilisita. Tunakaa dawati moja. Sijawahi kuwa na rafiki kwa muda mrefu hivi. Siku yangu ya kwanza hapa alinipisha upande wa dirisha bila kuombwa.

Nikamwambia nimechoka kukaa na mtu anayetafuna kalamu. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi, nimemchoka tu. Akakusanya vitabu vyake, akahamia nyuma.

Mbinu imefaulu. Chakula cha usiku nimekirudisha jikoni.

Ijumaa, 7 Februari
Raba zangu za mpira nimempa mlinzi wa geti, ampelekee mwanawe. Nikamnong'oneza kwamba nahama, iwe siri. Akanitakia safari njema kwa sauti ya kuita mifugo. Geti zima likageuka. Miwani naye alikuwepo. Nikatazama viatu vyangu.

Jumamosi, 8 Februari
Siku yenyewe. Lori la kutuhamisha halionekani. Baba akabeba boksi begani, akavuka ua, akaingia chumba alichokuwa anakaa fundi cherehani. Akarudi kuchukua jingine.

Nikauliza lori liko wapi. Baba akacheka mpaka akaliweka boksi chini. Lori la kuvuka ua? Chumba chetu kinavuja, mwenye nyumba katupatia kikavu. Na lami? Baba amepata kazi ya kudumu ya kutunza barabara za hapa hapa. Mama akasema alitaka kuniambia Jumatatu, lakini mimi najua kila kitu.

Nilikaa juu ya godoro katikati ya ua nikalia. Vumbi halikuwepo. Tunabaki! Nitamaliza mwaka kwenye shule niliyouanzia! Nimeubusu hata mlango.

Kisha nikamkumbuka kiranja. Na mwalimu. Na raba. Na Miwani! Nikalia upya.

Jumatatu, 10 Februari
Kiranja ameniandika mchelewaji. Sikuchelewa. Mwalimu wa hesabu amesema kwa kuwa naujali sana ubao, nitaufuta muhula mzima. Mlinzi ameniuliza mbona safari imekuwa fupi, akaongeza kwamba raba zimemkaa mwanawe sawasawa.

Nikaingia darasani nikinyata. Miwani amerudi kwenye dawati letu! Upande wa dirisha uko wazi. Nikaanza kuomba radhi, maneno yakagongana. Akasema alinuna siku mbili, mpaka mlinzi alipopiga kelele pale getini, ndipo akaelewa. Mama yake ni muuguzi, nao wamehamahama. Kwenye shule aliyotoka, kabla ya kuhama, alimwambia rafiki yake kwamba ananuka miguu, na hajawahi kupata nafasi ya kumwambia kwamba hanuki.

Mzigo mzima umenitoka kifuani. Nikamwomba kalamu na mimi nitafune. Ina ladha mbaya. Nimeitafuna mpaka kengele.

Jumanne, 11 Februari
Miwani amekuja na begi jipya. Kubwa! La nini begi kubwa hivyo? Anahama, naona wazi. Alitaka kunieleza, nikamwambia asihangaike.

Kesho nitamtukana mapema, asije akaumia njiani.