Soli Nene kwa Wasiotembea

Kijijini, Karatu
Machi, 1980

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Duka la Kijiji

Ndugu Mwenyekiti,

Pole kwanza na uzito wa gambuti zako mpya. Naandika kwa heshima zote, kwa niaba ya mguu wa kulia wa shemeji yangu Piusi. Umevimba. Alikuwa anapalilia maharage, mwiba wa mgunga ukapenya kandambili yake kana kwamba hakuvaa kitu. Anachohitaji ni jozi moja tu ya gambuti, kati ya zile zilizoletwa dukani wiki iliyopita na kugawiwa na kamati yako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Gambuti zina soli nene kwa ajili ya matope. Ajabu ni kwamba amepewa karani wa duka, ambaye kazi yake ni kukaa kwenye kiti na kutuambia sukari imekwisha. Sisi tunaolima tumegawiwa kandambili. Soli ya kandambili hizo ni nyembamba kuliko chapati ya mke wangu Elizabeti, na Elizabeti hana unga.

2. Nimelichunguza jambo hili nikagundua kanuni: kadiri mtu anavyotembea kidogo, ndivyo soli yake inavyonenepa. Mfugaji Moloimet huswaga ng'ombe kutoka Malambo hadi mnadani kwa katambuga za tairi zilizolika mpaka kisigino kinagusa njia. Watalii wanaoshuka Kreta kutazama wanyama wana mabuti yenye soli kama tofali, na kwenye Landrova hawatoki. Mwalimu wa shule ana raba. Yeye hutembea akikosa lifti. Na mwanao Josephati, tangu arudi kutoka Arusha, anavaa raizoni, viatu vya soli ndefu hata mlango wa kanisa umempiga kwenye paji la uso. Kazi hana.

3. Kwa kanuni hiyo wewe unatushinda wote, maana tangu tukuchague hatujakuona shambani. Napendekeza ufungiwe tairi zima la trekta kila mguu, usimame hapo hapo ulipo. Lakini gambuti mpe Piusi! Mtu anachechemea jamani, na palizi haingoji. Kwa kweli roho inaniuma.

4. Jumapili ulizivaa kanisani, kavu, zinang'aa. Padri alipohubiri habari ya kuoshana miguu, uliikunja yako chini ya benchi. Nilikuona.

Naomba basi kamati ikae upya. Mwenye matope apewe gambuti, mwenye kiti apewe kandambili.

Nisalimie wajumbe wote, mama watoto, na karani. Josephati mwambie awe anainama mlangoni.

Wako katika matope,
Boazi Tluway, mkulima

N.B. Nilipokuwa nafunga bahasha, mjumbe wako Domitila ameingia na habari kwamba nimeteuliwa kuwa mwanakamati, na gambuti zangu amekuja nazo. Nimezijaribu. Kumbe kufikiri kwa niaba ya wengine kunataka miguu yenye joto! Tafadhali futa malalamiko yote manne, na barua hii uipokee kama shukrani, maana karatasi nyingine sina. Ningeileta mwenyewe, ila mvua imenyesha na gambuti bado mpya. Nimemtuma Piusi. Akichelewa mgombeze, siku hizi amekuwa mvivu.