Klorini Yangu na Taa za Mongi

Jumatatu, 6 Mei
Mkutano asubuhi. Injinia Raudha kasema wiki hii maji taka ya mji yanauliwa vijidudu kwa njia mbili. Mfereji wangu wa klorini, mfereji wa Mongi wa taa zenye miale inayoua vijidudu. Inayoshinda inabaki. Anayeshindwa anapelekwa kwenye vyuma vya kunasia uchafu, kuopoa matambara na nywele kwa reki. Mimi! Miaka kumi na mbili na klorini! Mongi ana miezi minne. Kaniuliza, ammi Beshiri, reki unajua kuishika? Mjinga.

Jumanne, 7 Mei
Nimetia klorini mara tatu ya kawaida. Hatoki mdudu hai. Macho yanawasha. Mongi kakohoa huko kwake, kauliza kama leo tunafua mashuka ya hospitali. Wivu.

Jumatano, 8 Mei
Injinia kaleta chupa za kuchukulia maji ya kupima. Zangu zina unga mweupe chini. Uchafu! Hujuma ya Mongi, nani mwingine? Nimezisuuza zote. Marehemu mke wangu Zohra alizoea kusema siwezi kuosha hata kikombe. Angeniona!

Alhamisi, 9 Mei
Majibu. Mongi: vijidudu vichache, vinakubalika. Mimi: sifuri! Nimerukaruka. Injinia akauliza nani kaosha chupa. Mimi, nikasema, kifua mbele. Kumbe ule unga unatuliza klorini, isiendelee kuua humo chupani njiani kwenda maabara. Majibu yangu yametupwa. Mongi kacheka mpaka chai ikamtoka puani.

Ijumaa, 10 Mei
Kaja Haji Tayebu, mkulima anayemwagilia kwa maji yetu. Majani ya ng'ombe wake yamekuwa manjano, upande wa mfereji wangu tu. Kafoka, haya maji au dawa ya kufulia? Nikasema jua kali. Injinia kapima klorini mbele yake. Mara tatu ya kawaida. Taa zimeshinda.

Jumatatu, 13 Mei
Reki. Matambara, nywele, kiatu kimoja. Harufu, Mungu wangu! Mongi kaniletea glavu zake mpya na mkate wenye harisa, ile pilipili ya kusaga. Kasema, ukichoka niite, ammi. Nimekula. Si kijana mbaya.
Ila injinia kasema anayetunza vyuma vizuri atarudishwa kwenye mifereji. Vyuma vya mwenzangu Habibu vinang'aa. Vyangu vinanuka. Nimefikiri sana. Ufunguo wa stoo ya klorini bado ninao. Ndoo moja inatosha.
Kesho natia tatu.